Mgeni na Mwenyeji Wake: Nani Hujibu Msafiri Anapodhurika Ugenini?

Majuma machache yaliyopita jirani yangu, mama mzaliwa wa Unguja aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano, alibisha hodi jioni akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na mkataba wa kazi wa binti yake wa mwisho, anayekwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. “Mwalimu, nisomee,” alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. “Lakini usinisomee mshahara, mshahara naujua. Nisomee panaposema mwanangu akipigwa aende wapi.”

Nilisoma kurasa zote nne, kisha nikazisoma tena. Mkataba ulimtaja mwajiri, ukamtaja wakala wa huku na wakala wa kule, ukataja saa za kazi na siku ya mapumziko, na ukaeleza kwa urefu kabisa gharama ambazo binti angedaiwa iwapo angeondoka kabla ya miaka miwili kwisha. Mahali alipopataka jirani yangu hapakuwapo. Nilimwomba aniachie bahasha hiyo kwa siku mbili.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mwanasheria. Hata hivyo swali la mama yule ni la kihistoria kuliko linavyoonekana. Mtu akiibiwa, akipigwa au akidhalilishwa nje ya kwao, nani hujibu kwa niaba yake? Majibu yamebadilika mara kadhaa, na pwani yetu imeshuhudia karibu yote.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tangier, alishuka pwani ya Afrika Mashariki kwa jahazi akitokea Aden kupitia Zeila. Kabla hajafika Mombasa na Kilwa alitia nanga Mogadishu, na huko aliona desturi ambayo wanafunzi wangu huipita haraka wakiyakimbilia maelezo yake ya Kilwa. Jahazi lilipofika, vijana wa mji walilijia kwa mashua, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutamka kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alifikia kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa ameshauzoea mji na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia mahitaji yake. Tena mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumlalia, au akimuuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Naomba msomaji aitafakari sentensi hiyo ya mwisho. Mgeni hakuhitaji kuijua sheria ya mji, wala lugha yake, wala njia ya kwenda kwa kadhi. Alihitaji kumjua mtu mmoja tu, na mtu huyo alijulikana na mji mzima. Haikuwa sadaka. Mwenyeji alifaidika kwa biashara, na heshima yake ilifungamana na usalama wa mgeni: mgeni wake akidhulumiwa, aliyeaibika ni yeye. Mpango wa namna hiyo ulienea katika miji ya Waswahili kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na sabule, chumba cha wageni, kwa kuwa kumweka mfanyabiashara wa mbali kati ya msimu mmoja wa upepo na mwingine ilikuwa sehemu ya kazi ya mwenye nyumba.

Ibn Battuta mwenyewe alikuja kuonja kinyume cha desturi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1340, akiwa balozi wa Sultani wa Delhi anayepelekwa China na zawadi na walinzi, alitenganishwa na wenzake karibu na mji wa Koil, akaporwa na kushikwa mateka. Alipoachiwa alitangatanga siku kadhaa kwa njaa na kiu mpaka mtu asiyemfahamu akambeba mabegani. Cheo, barua za Sultani na wapanda farasi havikumfaa kitu. Aliokolewa na mtu mmoja aliyeamua kuwa mwenyeji wake porini.

Simulizi hii isipambwe kupita kiasi. Miji hiyohiyo iliyompokea mgeni kwa sahani ya chakula iliuza watu waliofika bila mwenyeji. Mateka kutoka bara alikuwa naye ni msafiri, amevuka nchi nyingi kuliko mfanyabiashara yeyote wa Aden, ila hakuna kijana aliyemjia na kusema huyu ni mgeni wangu. Ulinzi wa mwenyeji ulikuwa imara kwa aliyekuwa na kitu cha kuuza, na haukuwapo kwa yule aliyefanywa kuwa kitu cha kuuzwa. Tutakutana tena na jambo hili.

Karne ya 19 ilileta jibu jingine. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini na Sayyid Said bin Sultan mkataba wa urafiki na biashara kati ya Marekani na dola ya Muscat iliyokuwa pia na Zanzibar. Humo mna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: chombo cha Marekani kikivunjika katika himaya ya Sultani, watakaonusurika watatunzwa na kukirimiwa kwa gharama ya Sultani mpaka wapate njia ya kurudi kwao, naye hatapokea malipo kwa kuwasaidia watu walio katika dhiki. Hiyo ni Mogadishu ya 1331 imevaa mavazi ya mkataba. Lakini mkataba huohuo uliruhusu Marekani kuweka konseli, yaani balozi mdogo, ambaye peke yake angeamua kesi za Wamarekani wao kwa wao na angeshika mali ya Mmarekani aliyefia huku. Richard Waters alifika Unguja kwa kazi hiyo mwaka 1837. Waingereza walipata mkataba wao 1839 na Wafaransa 1844. Kidogo kidogo mgeni wa Kizungu aliacha kumtegemea mwenyeji. Alitegemea bendera.

Bendera ilikuwa na nguvu kiasi gani? Ulaya walipata jibu mwaka 1850. Miaka mitatu kabla, wakati wa Pasaka, kundi la watu mjini Athens lilivamia na kupora nyumba ya mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa David Pacifico. Serikali ya Ugiriki ilipokataa kumlipa, alikimbilia Uingereza kwa hoja kwamba alizaliwa Gibraltar. Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Palmerston, alipeleka manowari kuzuia bandari ya Piraeus, kisha akasimama bungeni mwezi Juni 1850 na kumfananisha raia wa Uingereza na Mrumi wa kale ambaye kutaja uraia wake tu kulitosha kumlinda popote. Kwa upande mmoja, mhanga wa uhalifu alipata msaada ambao wengi wetu hatutauona. Kwa upande wa pili, alichopata Pacifico mwishowe kilikuwa sehemu ndogo tu ya alichodai, na taifa dogo zima lilifungiwa bahari kwa ajili ya nyumba moja. Ulinzi wa raia ulipimwa kwa idadi ya mizinga.

Huku kwetu watu walilisoma somo hilo upesi. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waliona faida ya kuhesabiwa chini ya Uingereza, hadi mwaka 1860 konseli Christopher Rigby alipowaambia kwamba raia wa Uingereza haruhusiwi kumiliki watumwa, akawaweka huru watumwa wao kwa maelfu. Ghafla wapo walioona ni heri kuwa raia wa Sultani. Wenye majahazi wa Sur, katika Oman, walikwenda mbali zaidi: wakachukua hati na bendera za Ufaransa. Bendera hiyo iliwazuia Waingereza kupekua majahazi yao, nayo ilimfaa mfanyabiashara halali kama ilivyomfaa mficha watumwa. Ugomvi ulifika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, iliyoamua mwezi Agosti 1905 kwamba Ufaransa haikuwa na haki ya kugawa bendera yake kwa watu wa Sur jinsi ilivyopenda. Mimi nawaelewa mabaharia wale. Bahari ilikwisha gawanywa na wenye manowari, na asiye na bendera ya mkubwa alikuwa kama asiye na mwenyeji.

Wanasheria baadaye waliipa hali hiyo lugha nadhifu. Katika shauri la Mavrommatis la mwaka 1924, mahakama ya kimataifa ilieleza kwamba dola inaposimama kumtetea raia wake aliyedhulumiwa ugenini, kwa hakika inadai haki yake yenyewe. Maana yake ni nzito: aliyeumia si mwenye kesi. Dola ikitaka itadai, isipotaka itanyamaza, na ikilipwa, fedha ni zake kwanza. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu kazi za kikonseli, ambao ndio msingi wa ofisi zote za ubalozi mdogo duniani leo, unasema katika Ibara ya 5 kwamba kazi mojawapo ya konseli ni kuwasaidia raia wa nchi yake. Lakini maneno yake makali kabisa, yale ya Ibara ya 36, yanamhusu raia aliyekamatwa au kufungwa: lazima aelezwe haki yake ya kuonana na konseli, na konseli ana haki ya kumtembelea. Kwa raia aliyevunjwa mkono na wahuni, mkataba hauna ibara ya namna hiyo. Sheria ya kimataifa inamjua mfungwa vizuri zaidi kuliko inavyomjua mhanga.

Hili nililijua kwa mwili wangu kabla ya kulijua kwa vitabu. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari, katika jiji moja la Ulaya ambalo halikuwa hata jiji la chuo changu, nilinyang'anywa mkoba kwenye kituo cha treni usiku wa baridi. Ndani yake mlikuwa na pasipoti, fedha na kompyuta yenye sura mbili za tasnifu. Askari wa kituo cha jirani alinipa karatasi ya lugha nisiyoisoma na kunielekeza mlango. Ubalozi wetu unaohudumia nchi ile ulikuwa katika nchi nyingine, ng'ambo ya mpaka ambao sikuweza kuuvuka bila pasipoti. Aliyeniokoa ni msafisha kituo, mzee wa Bukavu, aliyenisikia nikilalamika peke yangu kwa Kiswahili. Nililala kwake siku tatu hadi nilipopata hati ya dharura ya kusafiria. Karatasi ile ya polisi, niliyokaribia kuitupa, ndiyo iliyonifaa baadaye kila nilikokwenda. Asiyeripoti tukio kabla ya kuondoka katika nchi lilikotokea hupata shida kubwa kulithibitisha akiwa nyumbani.

Sasa nije kwenye badiliko ambalo naliona kuwa muhimu kuliko manowari za Palmerston, ijapokuwa halikupigiwa tarumbeta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya nchi, New Zealand ikitangulia na Uingereza ikifuata, zilianza kuwalipa fidia wahanga wa uhalifu kutoka hazina ya umma. Hoja yao ni kwamba mhalifu mara nyingi hakamatwi, na akikamatwa hana kitu. Nchi nyingi zilizofuata mkondo huo ziliwafikiria wenyeji wao kwanza. Ndipo Mwingereza mmoja, Ian Cowan, akiwa mtalii mjini Paris, alipopigwa kwenye lango la kituo cha treni ya chini ya ardhi. Waliompiga hawakujulikana. Aliomba fidia, akaambiwa ni ya Wafaransa, wenye kibali cha ukaazi, na raia wa nchi zilizopatana na Ufaransa. Tarehe 2 Februari 1989 Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba, kama sheria inamruhusu mtu kwenda nchi nyingine kama mtalii, basi kulindwa dhidi ya madhara huko, kwa masharti yaleyale ya wenyeji, ni sehemu ya ruhusa hiyo.

Hukumu hiyo iliwahusu raia wa Jumuiya ya Ulaya tu, na sitaki kuipa sifa isiyo yake. Lakini tazama ilivyoligeuza swali. Cowan hakuhitaji manowari wala konseli kumpigania. Mahakama haikuuliza bendera yake ina mizinga mingapi, iliuliza aliyempokea alifanya nini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeelekea huko mwaka 1985, katika Azimio lake kuhusu haki kwa wahanga wa uhalifu, linalotaka watendewe kwa utu, waelezwe mwenendo wa kesi na wapate msaada bila ubaguzi wa uraia. Kijana wa Mogadishu mwenye sahani yake angelielewa wazo hilo bila kufafanuliwa.

Na sisi tuko wapi? Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya kuwalinda wahanga wa uhalifu, ikiwa na mfuko wake. Sheria zetu Tanzania zinairuhusu mahakama kumwamuru mkosaji amlipe aliyemkosea, jambo zuri pale mkosaji anapopatikana na mfuko wake haujatoboka. Arusha kuna kituo cha polisi kwa ajili ya watalii na wanadiplomasia, nami nakiunga mkono. Lakini wageni wa nchi hii si watalii peke yao. Nenda Kariakoo asubuhi uwasikilize wanunuzi wa Lubumbashi, Bujumbura, Lilongwe na Moroni, waliofungasha fedha za ukoo mzima kiunoni. Mmoja wao akichomwa kisu katika kichochoro, nani atamwambia kwamba hospitali itataka PF3, kwamba fomu hiyo hutolewa polisi, na kwamba bila hiyo ushahidi wake mahakamani utayumba? Kwa kawaida ni dalali wake wa vitenge. Dalali huyo ndiye mwenyeji aliyebaki, wala hakuna sheria inayomtambua kwa kazi hiyo.

Ninasema haya kwa sababu hatuwezi kudai kwa wengine tusichotoa. Tarehe 31 Januari 2016 mwanafunzi Mtanzania alishambuliwa na kudhalilishwa na kundi la watu mjini Bengaluru, kwa hasira iliyotokana na ajali ambayo hakuhusika nayo. Dereva aliyeisababisha alikuwa mwanafunzi kutoka Sudan. Kosa la binti yetu lilikuwa kuwa Mwafrika aliyepita baadaye. Ubalozi wetu, ulio New Delhi zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, ulidai haki, na hatukuwa na manowari. Kilichosogeza mambo ni kwamba waliompokea walisutwa: waziri wao wa mambo ya nje, Sushma Swaraj, alisema hadharani jinsi alivyoumizwa na tukio hilo, watu kadhaa wakakamatwa na askari polisi wakasimamishwa kazi. Mwenyeji aliona aibu. Nchi maskini haina silaha kubwa kuliko aibu ya mwenyeji, nayo haina makali mkononi mwa mtu ambaye nyumbani kwake wageni hawajibiwi.

Nirudi Muscat, kwenye bahasha ya kaki. Mfumo unaomsubiri binti yule katika nchi za Ghuba huitwa kafala. Neno hilo ni la dhamana: kafili ni anayemdhamini mwenzake na kujibu kwa niaba yake. Kwa asili ni desturi ileile ya mwenyeji na mgeni. Mwanahistoria Omar AlShehabi ameonyesha kwamba sura yake ya sasa ina mizizi katika utawala wa Waingereza Bahrain katika miaka ya 1920, walipohitaji njia ya kuwadhibiti wafanyakazi wa kigeni kwa gharama ndogo. Dhamana ikageuka kamba. Mtumishi wa nyumbani anaingia kwa jina la mwajiri, na akiondoka bila ridhaa yake anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Basi anapopigwa, anayepaswa kujibu kwa niaba yake ndiye aliyempiga, na mara nyingi pasipoti imo katika kabati lake. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011 unasema mtumishi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Mkataba wa bahasha ya kaki haukusema neno juu ya hilo. Hapa ndipo yule msafiri wa zamani asiye na mwenyeji anaporudi, akiwa na viza halali.

Siku ya tatu nilikwenda kwa jirani. Nilimwambia mkataba haupaswi kutiwa saini kabla ya kuongezwa vifungu viwili, cha pasipoti na cha simu, na kwamba wakala akikataa, kukataa kwake ni jibu. Nikamwandikia kwa herufi kubwa namba ya ubalozi wetu Muscat na ya polisi wa huko, nikamwambia binti azikariri, kwa kuwa simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Nikamwomba abaki na nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba, na wapatane neno moja ambalo binti akilitamka kwenye simu, hata katikati ya salamu, mama ajue kuna hatari. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesomewa bei ya dawa.

Kisha nikamuuliza kama ana mtu yeyote kule. Alifikiri kitambo. Akasema yuko binti wa shangazi yake, aliyeondoka Unguja na wazazi wake mwaka 1964 akiwa bado mchanga, sasa ana wajukuu, anakaa Seeb, na hawajazungumza tangu msiba wa mwaka juzi. Tukatafuta namba yake kwa ndugu watatu. Simu ilipopokewa sikuelewa yote, maana walianza kwa kulia na kutajiana marehemu. Nilichosikia vizuri ni sauti ya mama mtu mzima, Kiunguja kitupu baada ya miaka yote hiyo, ikiuliza ndege inatua saa ngapi, na huyo mwajiri ni wa kabila gani, na nyumba yake iko mtaa upi, maana Ijumaa ya kwanza atakwenda kubisha hodi yeye na mwanawe wa kiume, wajulikane.

Mkataba bado haujatiwa saini. Wakala amekubali kifungu cha simu. Cha pasipoti anasema ataulizia.